Mama Vitabu na Kijana Asiyechagua

Mama Vitabu alichukua kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, upana wa vidole viwili, akakilaza juu ya nywele za wasichana wote waliokuwa kwenye ukurasa.

"Sasa niambie, mwalimu. Huyu ni nani?"

Sikuweza kusema. Bila nywele, wasichana watano wa gazeti lile la katuni walikuwa msichana mmoja: macho yaleyale makubwa, kidevu kilekile, pua ileile ya mstari mmoja wa kalamu. Alipoondoa karatasi, wakarudi kuwa watano. Mwenye afro, mwenye misuko, mwenye kilemba, mwenye miwani, na yule aliyenyolewa kama mvulana.

"Mchoraji ana binti mmoja na wigi tano," alisema. "Na wewe umewalilia wote."

Ni kweli nilikuwa nimewalilia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya wa shule ya msingi Kamachumu, nimepanga chumba nyuma ya kanisa, sina redio, na jioni zilikuwa ndefu. Ningelilia hata tangazo la sabuni.

Jina lake sitalitaja. Hakuna aliyelitumia. Mchungaji alimwita Mama Vitabu, wanafunzi walimwita Mama Vitabu, na barua zilizotoka Bukoba mjini ziliandikwa hivyohivyo juu ya bahasha na zikamfikia. Alikuwa mtunza chumba cha vitabu cha usharika: rafu nne, benchi moja, meza, na dirisha lenye nondo. Kabla ya hapo chumba kilikuwa ghala la kahawa, na siku za mvua kuta zilitoa harufu ya magunia, hata ukifungua kitabu cha nyimbo uliona kama unafungua gunia la maganda.

Vitabu vingi vya chumba kile havikuwa na mwisho. Wakati wa vita, watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera waliletwa kulala humo masika nzima. Kuni zilikuwa mbichi. Waliwashia moto kwa kurasa, na walianza kuchana kutoka nyuma. Msomaji mgeni akilalamika kwamba hadithi imekatika msichana akiwa bado mtoni, Mama Vitabu alivua miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Walianza nyuma ili sisi tubaki na mwanzo," alisema. "Wewe ungekuwa na mtoto anatetemeka, ungeanzia wapi?"

Kutokana na hayo alikuwa na utaratibu wake wa kazi ambao sijauona katika maktaba nyingine yoyote. Hukuruhusiwa kurudisha kitabu na kuondoka. Ulikaa kwenye benchi, ukakishika mapajani, naye akakuuliza: "Kimepungua nini?" Kama kitabu hakikuwa na mwisho, ulimweleza mwisho unaokifaa. Kama kilikuwa kizima, aliuliza vilevile, kwa sababu aliamini kila kitabu kimepungukiwa na kitu, hata kile ambacho hakikuchanwa. Mkulima mmoja alirudisha kitabu cha kilimo cha kahawa, akafikiri sana.

"Kimepungua mke wangu," alisema. "Kinasema palilia, palilia. Hakisemi apalilie nani."

Mama Vitabu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwambia, "Nenda kamwambie yeye hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Kitabu kingine sikupi mpaka umwambie."

Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu sasa, na ninapowafundisha vijana kukosoa hadithi, naanzia pale kwenye benchi. Nawaambia wasiogope. Kukosoa hadithi si kuichukia. Ni kuiuliza kilichopungua, kwa sauti ya mtu anayetaka kuisaidia.

Gazeti lile la katuni alilikosoa kwa miaka. Lilikuja mara moja kwa mwezi, limekunjwa, lina harufu ya dizeli. Hadithi yake ilikuwa hii: kuna kijana wa kawaida, amepanga chumba katika nyumba yenye wasichana watano, na wote watano wanampenda. Basi. Kila toleo kijana anateleza. Anateleza kwenye ngazi anamwangukia mwenye miwani, anateleza kwenye sabuni anamwangukia mwenye kilemba, anapigwa kofi, anaomba radhi, na ukurasa wa mwisho wote wanakula pamoja.

"Huyu kijana angepimwa miguu," alisema Mama Vitabu.

Alinionyesha makosa ya hadithi ile polepole, kila mwezi moja, kama mtu anayekufundisha kutenganisha buni nzuri na mbovu. Kwanza zilikuwa sura. Kisha akanifundisha kuona kwamba kila msichana alipewa tabia moja tu. Mkali alikasirika, mpole aliona haya, tajiri alileta zawadi, na mwezi uliofuata mkali akakasirika tena. "Hiyo ni kengele," alisema. "Ukiivuta inalia vilevile. Mtu ukimvuta hujui atalia au atacheka." Kisha tukafika kwa kijana mwenyewe. Hakuwa na kazi iliyojulikana, hakuwa na mama, hakuwa na chakula asichokipenda. Nikauliza wasichana walimpendea nini. Tulipekua matoleo ya nyuma, tukakuta kwamba aliwahi kumwokotea mmoja kitabu.

"Kuokota kitabu," alisema. "Mimi ningekuwa na wachumba mia hapa."

Halafu kulikuwa na mbuzi. Kila msichana alipokusanya moyo wake aseme nakupenda, jambo lilitokea. Treni ilipita, mvua ikaanza, mbuzi akaingia jikoni. Neno likakatika katikati, kijana akauliza, "Ulisema nini?" na msichana akajibu, "Hapana, si kitu." Tulipofika mahali pale Mama Vitabu alifunga macho na kusema "Mbuzi huyo," hata kama safari ile ilikuwa treni.

Siku moja aliniambia nimtafutie ukurasa mmoja tu ambapo wasichana wawili wanazungumza jambo lisilomhusu kijana. Nilitafuta siku mbili katika matoleo yote. Nikakuta mmoja anamuuliza mwenzake ni saa ngapi, nikampelekea kwa furaha. Alisoma chini ya picha, akanionyesha kwa kidole. Walikuwa wanauliza saa kwa sababu kijana alikuwa amechelewa.

Lakini kosa alilolirudia kuliko yote lilikuwa kwamba kijana hachagui. Miaka inapita, hakuna anayezeeka, hakuna anayeugua, na yeye anatabasamu katikati ya watano. "Si mbaya," alisema. "Angekuwa mbaya tungemchukia tukapumzika. Huyu ni mpole. Hamkatai mtu, hamchagui mtu. Wote wanangoja, naye anaona wanakula tu."

Wanafunzi wangu wa chuo siku hizi wananionyesha kwenye simu katuni za Kijapani, wakidhani mimi mtu mzima nitashangaa. Kijana wa kawaida, wasichana sita, nyumba moja, kuteleza. Maungamo ya mapenzi yanakatizwa na fataki. Nywele sasa ni za rangi ya waridi na za buluu. Nazisoma zote, nawauliza kilichopungua, na ninafurahi wanapogundua wenyewe. Siwaambii ni nani aliyenifundisha. Nikianza kumweleza, sauti yangu haifiki mwisho.

Sasa niseme upande wake wa pili, maana alikuwa na pande zaidi ya moja. Mwanamke huyu aliyelisema gazeti lile kila mwezi alilingoja kama sikukuu. Alilisoma kabla ya mtu yeyote, amesimama, akitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kila mgeni wa nyumba ya Kihaya hupewa mlangoni. Aliwagombeza watu waliosoma ukurasa wa mwisho kwanza, na nimemwona kwa macho yangu akifungua ukurasa wa mwisho kwanza. Alitaka chumba kiwe kimya, na yeye ndiye aliyekuwa na kicheko kinachosikika barabarani.

Na aliyemletea gazeti alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa karani wa kununua kahawa. Alisafiri na lori: Nshamba, Bukoba mjini, vijiji vya kando ya ziwa, na mara nyingine alivuka kwenda visiwani kuleta samaki. Lori likirudi, gazeti lilikuwa chini ya kiti, ikiwa meli ya Mwanza ilikuwa imelileta bandarini. Alikuwa mtu mzuri wa sura, shati limepigwa pasi hata baada ya vumbi la Muleba, na sijapata kumsikia akipaza sauti. Neno lake lilikuwa "tutaona." Ukimwomba akuletee chaki alisema tutaona, na mara nyingi alileta.

Mkewe aliwahi kumuuliza mbele yangu, "Bwana, kesho utakuwa hapa au Nshamba?"

"Tutaona, mama."

"Nimeuliza kesho. Sijauliza ufufuo."

Akacheka, akamgusa bega, akapanda lori. Mama Vitabu alibaki mlangoni mpaka vumbi lilipotulia. Mimi niliyejidai kusoma, nilikuwa na gazeti mkononi, na sikuunganisha chochote.

Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeshafika. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyotoka Uganda baada ya vita, kana kwamba mtu aliweza kuuvua. Baadaye hawakuuita jina lolote. Walisema fulani anaumwa, na ukajua. Misiba ilikuwa mingi kiasi kwamba wazee wa kwetu waliukata msiba. Zamani watu walilala matanga siku nyingi bila mtu kushika jembe. Sasa zikawa siku tatu, kisha mbili, kwa sababu kama kila kifo kingezuia jembe, migomba ingekufa na waliobaki wangekufa kwa njaa. Darasani kwangu kulikuwa na watoto waliokuja shule asubuhi moja na kutokuja nyingine, na sikuwauliza.

Mama Vitabu alibeba vitabu kwa wagonjwa. Aliviweka kwenye kikapu juu ya ndizi, akaingia nyumba ambazo majirani walikuwa wameacha kuingia, akakaa karibu na kitanda akasoma. Watu walimcheka kwamba anatibu kwa karatasi. Alijibu kwamba hajamwona mganga anayetibu kwa kukaa nyumbani kwake.

Kisha mumewe akaanza kukonda. Shati liliendelea kupigwa pasi, ila likawa la mtu mwingine. Walimlaza hospitali, mbali kidogo, na Mama Vitabu alikaa naye wiki nyingi, akilala sakafuni chini ya kitanda kama walivyofanya wake wote. Siku aliyofariki, mchana, mkewe alikuwa amerudi nyumbani kuchukua mashuka safi. Aliondoka asubuhi. Alipofika tena jua likielekea kuzama, kitanda kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa.

Nesi alimwambia jambo moja. Alimwambia mgonjwa alisema kitu kabla ya kwenda, na kwamba kulikuwa na mwanamke kijana ameinama karibu na mdomo wake, akimsikiliza. Mwanamke aliyeleta samaki.

Msiba ulikuwa hapo Kamachumu. Wanawake walikata nyasi mbichi wakazitandika ndani, kama kawaida, na mjane akakaa juu yake, mahali pake. Siku ya pili walifika wanawake watatu ambao hatukuwajua. Wawili walishuka kwenye gari moja, kila mmoja akidhani mwenzake ni shangazi wa marehemu. Mmoja alikuwa fundi cherehani wa Nshamba. Mwingine alikuwa na hoteli ya chai Bukoba mjini. Wa tatu alikuja kwa miguu kutoka ziwani, mdogo kuliko wote, mtu wa visiwani ambaye Kihaya chake kilikuwa cha kubahatisha. Nguo zake zilinukia dagaa, naye alisimama mbali na mlango kwa sababu alijua zinanukia.

Baba mkubwa wa marehemu, aliyesimamia msiba, aliwatazama akaelewa haraka kuliko sisi. "Hawa watakaa nje," alisema. "Kwenye migomba, na watu wa mbali."

Mama Vitabu alikuwa hajasema neno tangu maziko. Akasema kutoka ndani, bila kupaza sauti, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu baba, nyasi hizi ni za nyumbani kwangu. Wataingia."

Waliingia. Wakakaa. Uani watu walikuwa wakimenya ndizi. Mimi nilikuwa karibu na mlango na birika la chai, sikujua niende au nibaki.

"Aliwaambia nini?" aliuliza Mama Vitabu.

Fundi cherehani alitazama mikono yake. "Dada, nisamehe. Aliniambia wengine ni mazoea. Mimi ndiye."

"Na mimi," alisema wa hoteli. "Maneno hayo hayo. Mazoea."

Wakamgeukia mdogo. Alikunja kona ya khanga, akaikunjua.

"Mimi aliniambia tutaona."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Mama Vitabu. Kicheko kilimtoka puani, akajiziba mdomo kwa khanga, na wale wawili wakafuata, na mwishowe na mdogo, wanawake wanne wanatikisika juu ya nyasi na machozi yanawatoka, na nje baba mkubwa anakohoa kuwakumbusha kwamba huu ni msiba. Kicheko kile kiligeuka kilio bila mapumziko katikati. Ndipo nilipoelewa ni gazeti gani tulilokuwa tukilisoma miaka ile yote.

Kilipotulia, Mama Vitabu alifuta miwani. Akamuuliza kila mmoja, kwa zamu, swali ambalo hadithi ile haikuwahi kuwauliza wasichana wake: mbali na yeye, wewe unataka nini? Fundi alitaka cherehani ya kudarizi na siku moja aione Mombasa. Wa hoteli alitaka mtoto wake aimbe kwaya, maana ana sauti. Mdogo alisema hajui kusoma, na kwamba akiwa visiwani huona mitumbwi ina maandishi ubavuni, na siku zote ametaka kujua imeandikwa nini.

"Hilo ndilo rahisi kuliko yote," alisema Mama Vitabu. "Wewe utabaki hapa."

Alibaki. Alilala chumba cha nyuma na kulima kibanja cha migomba, na mchana alikaa kwenye benchi. Alijifunzia kwenye gazeti la katuni, kwa sababu lilikuwa na maneno machache na picha za kumsaidia. Niliwakuta mara nyingi nikitoka shule.

"A-ka-te-le-za," alisoma mdogo.

"Tena?"

"Tena, dada."

"Juu ya nani?"

"Ngoja. Mwe-nye mi-wa-ni."

"Huyo safari hii amsukume."

Siku moja, mdogo akiwa amekwenda kisimani, Mama Vitabu aliniambia jambo ambalo lilikuwa likimla. Alikuwa anajalidi kitabu kwa karatasi ya saruji na hakuinua kichwa.

"Alisema kitu pale hospitali. Na yule alikuwepo, mimi sikuwepo. Nataka kujua kama alinitaja mimi. Si kitu kingine, mwalimu. Nataka kujua kama alinitaja."

"Si umuulize? Mnakaa nyumba moja."

Alipaka gundi, akakunja kona. "Tutaona," alisema, kisha akasikia alichosema, akatazama dirishani.

Fundi wa Nshamba ndiye aliyetangulia kuugua. Mama Vitabu alikwenda kumuuguza, na mimi nilimfuata Jumamosi moja. Nilimkuta akimsomea gazeti. Fundi alikuwa amebaki macho tu. Aliuliza kwa sauti ya kukwaruza: yule kijana mwishowe alimchagua nani? Gazeti lilikuwa limeacha kuja tangu msiba wa Kamachumu, na hadithi haikuwa imekwisha, na mtu huyu niliyemjua kwa ukali juu ya miisho, ambaye hakumruhusu mtu aseme kitabu kimeisha vizuri kama hakikuisha, alifungua ukurasa wa matangazo akasoma kana kwamba imeandikwa pale.

"Amemchagua mwenye misuko," alisoma. "Kwa sababu anajua kushona."

Fundi alifunga macho. Alitabasamu upande mmoja. Tulipotoka nje Mama Vitabu alitembea mbele yangu haraka sana mpaka kituoni.

Wa hoteli alikufa mwaka uliofuata. Mtoto wake aliimba kwenye maziko, na kweli alikuwa na sauti. Katika misiba yote miwili Mama Vitabu alikaa ndani, juu ya nyasi, mahali pa ndugu, na hakuna mzee aliyethubutu kumwambia akae nje.

Mimi nilihamishiwa Bukoba. Tuliandikiana kidogo. Barua zake zilikuwa fupi na zenye maswali, na baada ya muda mwandiko ukabadilika, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, nikajua kwamba Mama Vitabu sasa anasema na mdogo anaandika. Nilipanda gari asubuhi ya Jumapili nikaenda.

Nilimkuta kwenye mkeka mbele ya nyumba, mahali jua linapofika. Sitaeleza jinsi alivyokuwa. Wale walioishi Kagera miaka ile wanajua, na wengine sitaki wamwone hivyo. Mdogo alikuwa akimlisha uji kwa kijiko na kumtania.

"Kunywa, dada. Mwalimu ametoka mbali kuja kukuona unakula, hakuja kuona kijiko."

"Mwalimu aone huyu anavyonisumbua," alisema Mama Vitabu. "Jana amenisomea kitabu kizima. Hataki niruke hata ukurasa."

Mdogo alipoingia jikoni, alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa moto.

"Nilikufundisha vibaya," alisema. "Nilikuambia kosa la hadithi ile ni kwamba kijana hachagui."

"Ndilo kosa lake, mama."

"Hapana. Sikiliza. Kosa ni kwamba kila anayesoma anajiona ni yeye. Fundi alijiona ni yeye. Wa hoteli vilevile. Nami nimeona yote niliyoyaona, nimewazika, na bado nikilala hapa najiambia, hakusema kwa sababu alikuwa mpole, lakini ni mimi. Unaona? Nimelisoma gazeti lile miaka yote, nimeona kila kosa, na halikunisaidia hata kidogo."

Nikamwambia limenisaidia mimi. Nikamwambia kwamba ninafundisha kwa maneno yake. Alinipigapiga mkono kama mtu anayemshukuru mtoto kwa zawadi.

"Hujamuuliza bado?" nilisema.

Alitazama upande wa jikoni. "Nikimuuliza atanidanganya. Ananipenda huyu. Ataniambia alinitaja mimi, nami nitamjua usoni kwamba anadanganya, nitakuwa nimepoteza wote wawili. Afadhali niwe sijui." Kisha, baada ya kupumzika: "Lakini ningependa kujua."

Aliposinzia, mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. Si mbali, ukisimama kwenye barabara unaiona nyumba. Alitembea akichuma majani na kuyatupa. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukonda shingoni. Tulisimama kungoja gari.

"Amekuambia hajaniuliza?" alisema.

"Ameniambia."

"Miaka yote hii nangoja. Mwanzo nilipanga nimwambie ukweli. Kisha nikapanga nimdanganye. Sasa hata uongo wenyewe nimeukariri, una kila kitu, nimeutengeneza vizuri. Hajaniuliza."

"Na ukweli ni upi?"

Alitazama chini, akasugua vumbi kwa kidole cha mguu.

"Alikuwa anatazama dirishani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Akasema, kahawa imeingizwa ndani? Mvua hiyo inakuja. Nikamwambia imeingizwa. Akasema, vizuri. Basi. Hakutaja mtu, mwalimu. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa, na hakujua ni nani amemshika." Alichuma jani jingine. "Na hapakuwa na kahawa yoyote. Wewe umesoma. Neno kama hilo unampelekeaje mtu?"

Nimefundisha watu wengi jinsi ya kumaliza hadithi. Mwisho kama huo sikuwahi kuufundisha. Gari lilionekana likipanda mlima kutoka upande wa Muleba, nami nikaanza kutafuta maneno, yoyote, ya kumtia moyo. Ndipo sauti ya Mama Vitabu ikatoka nyumbani, nyembamba, ikiita. Iliita jina la mdogo, jina lake lenyewe, ambalo marehemu hakulitamka pale kitandani wala jina jingine lolote. Ikaita mara ya pili, kwa hofu kidogo, kama mtu aliyeamka akakuta yuko peke yake.

"Bee, dada," aliitika mdogo. "Niko hapa. Nakuja."

Hakuniaga. Alikusanya khanga kwa mkono mmoja, akakimbia.